Kijana Hodari wa Hesabu Aende Wapi?

Mtu ashukaye garini siku ya soko pale Mahoko, katika barabara kuu itokayo Gisenyi kwenda Musanze, huona magunia ya viazi, karoti na vitunguu, maziwa yatokayo upande wa Gishwati, na watu wanaobishana bei. Asichokiona kwa urahisi ni hesabu inayofanywa vichwani. Mama mwenye magunia manne anajiuliza: niuze leo hapa hapa, au niyafikishe mpakani kesho, ambako huenda bei ikawa nzuri zaidi, lakini pia huenda mvua ikaharibu njia, viazi vikaoza, au mpaka wenyewe ukafungwa kama ulivyofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona? Hana karatasi wala kalamu. Anapima faida anayoitarajia na hasara anayoihofia, kisha anaamua. Huko New York, London na Johannesburg, hesabu ya asili hiyo hiyo hufanywa na watu wenye shahada za juu kabisa za hisabati na fizikia, mbele ya kompyuta, kwa mishahara ambayo mkuu wa kikosi hawezi kuiota.

Ndugu zangu askari na polisi, nimeanza na soko la Mahoko kwa kuwa kazi hiyo ya ng'ambo sasa inabisha hodi katika nyumba zetu. Zamani mtoto wa askari aliyefaulu hesabu alikuwa na njia chache: ualimu, uhandisi, au kufuata nyayo za baba yake jeshini. Leo mambo yamebadilika. Soko la Hisa la Rwanda lilianza kazi mwaka 2011, na kampuni ya kwanza ya nchini kuuza hisa zake humo ilikuwa Bralirwa, yenye kiwanda chake cha bia hapa hapa Gisenyi, wakati Serikali ilipouzia umma asilimia 25 ya kampuni hiyo. Tangu mwaka 2016 Kigali ina kituo cha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, ambacho huwafadhili vijana wa bara zima. Majirani zetu wa Nairobi, ambao soko lao la hisa ni la tangu mwaka 1954, walifungua mwaka 2019 soko la mikataba ya bei za siku zijazo. Kijana anayejua hesabu barabara hahitaji tena kuulizwa kama ana kazi. Huulizwa ataichukua ipi.

Sajini mmoja mwenye kwake upande wa Mahoko aliniletea swali hilo waziwazi. Binti yake amehitimu na ana barua mbili mkononi. "Afande," alisema, "moja ni ya kampuni ya ng'ambo inayofanya biashara ya fedha kwa hesabu. Nyingine ni ya ofisi ya bima hapa nchini. Ile ya kwanza inalipa mara nyingi kuliko hii ya pili, lakini mwenyewe moyo unasita. Nimwambie nini?"

Najua majibu ambayo sajini amekwisha kuyapata kwa wengine. Wapo waliomwambia kwamba fedha ni fedha na moyo utazoea. Wapo pia waliomwambia binti afuate anachokipenda, riziki itakuja yenyewe. Kwa maoni yangu wote wawili wameshauri juu ya kazi wasiyoijua. Hesabu za fedha si kazi moja, kama vile jeshi lisivyo kazi moja. Mpishi, mhandisi, rubani na askari wa miguu wote huvaa sare, lakini hakuna awezaye kumshauri kijana juu ya jeshi bila kwanza kumwuliza anakwenda kikosi gani.

Kazi hii ina historia yake. Mwaka 1900 huko Paris, Mfaransa Louis Bachelier alitoa tasnifu iliyoonyesha kwamba kupanda na kushuka kwa bei katika soko la fedha kwaweza kupimwa kwa hesabu za uwezekano. Leo anahesabiwa kuwa baba wa elimu hii, lakini yeye mwenyewe hakutajirika. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alitumikia jeshi la Ufaransa kama askari wa cheo cha chini, na kiti cha uprofesa wa kudumu alikipata mwaka 1927 huko Besançon, akiwa na umri wa miaka 57. Alifariki mwaka 1946, kabla ya masoko kutambua thamani ya kazi yake. Mwaka 1973 wataalamu Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton walitoa kanuni ya kupima bei ya haki ya kununua au kuuza kitu siku ya baadaye kwa bei iliyokwisha kupatanwa leo. Haki ya namna hiyo ndiyo ile ambayo mama wa Mahoko angefurahi kuwa nayo, ili aamke kesho akijua kwamba, hata soko likianguka, magunia yake yana bei. Tangu hapo mabenki na mifuko ya uwekezaji ilianza kuwasaka wanahisabati.

Vijana wetu humtaja zaidi James Simons wa Marekani, aliyefariki mwezi Mei 2024, na habari zake zinamfaa msomaji wa safu hii. Kabla ya kugusa biashara, Simons alikuwa mwanahisabati aliyefanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri katika taasisi iliyotumikia ulinzi wa nchi yake. Aliachishwa kazi mwaka 1968 baada ya kupinga hadharani vita vya Vietnam. Akaongoza idara ya hisabati ya chuo kikuu huko Stony Brook, akatunukiwa nishani kubwa ya jiometria mwaka 1976, na ni mwaka 1978 tu, akiwa na umri wa miaka 40, ndipo alipoingia katika biashara ya fedha. Kampuni yake, Renaissance Technologies, iliwachukua wanahisabati, wanafizikia na wajuzi wa maandishi ya siri badala ya wachuuzi wa hisa. Ikamfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani. Mwaka 2004 alianzisha shirika la kuwaongezea kipato na heshima walimu wa hesabu.

Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika bila ya nyingine. Merton na Scholes walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Wakati huo wote wawili walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji ulioitwa Long-Term Capital Management, ulioanzishwa mwaka 1994 na kukopa fedha nyingi mno kwa kutegemea hesabu zao. Mwezi Agosti 1998 Urusi ilishindwa kulipa madeni yake, masoko yakaenda kinyume cha kanuni zote, na katika muda wa miezi michache mfuko ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4. Benki Kuu ya New York iliita wakuu wa mabenki makubwa, na 14 kati yao yakatoa dola bilioni 3.6 ili mfuko huo usianguke na kuwaburuta wengine. Miaka 10 baadaye, mwaka 2008, hesabu mbaya za mikopo ya nyumba za Wamarekani ziliuyumbisha uchumi wa dunia nzima, nao waliokosa kazi hawakuwa tu wale waliozipiga. Kwa hiyo mshahara wa kazi hii haulipi akili peke yake. Hulipa pia utayari wa mtu kuishi na hatari ambayo wakati mwingine hubebwa na watu asiowajua.

Sasa nije kwenye mshahara wenyewe, maana hapo ndipo wahubiri wengi hupotoka. Sikubaliani na wale wanaomfundisha kijana kuona aibu ya kuuliza atalipwa kiasi gani. Sisi tuliopita katika chuo cha kadeti tulifundishwa kwamba utumishi ni heshima, na hivyo ndivyo ulivyo; lakini hapana askari niliyemjua ambaye heshima hiyo ilimwezekea nyumba mabati. Mwaka 1997 kilipoanzishwa chama cha akiba na mikopo cha Zigama, kwa ajili ya askari wa Jeshi na wenzao wa vyombo vya usalama, hakuna aliyesema kwamba koplo anayeomba mkopo wa kujenga amesaliti wito wake. Kinyume chake, ilitambuliwa kwamba mtumishi mwenye paa la uhakika hulinda zamu yake vizuri zaidi. Neno "wito" linapotumiwa kuficha malipo duni, hilo ni hila, hata likisemwa na mtu mwenye nia njema.

Zaidi ya hayo, mtoto wa askari mara nyingi hachagui kwa ajili yake peke yake. Nyuma yake kuna wadogo, kuna bibi anayehitaji dawa, kuna shangazi aliyeuza ng'ombe ili yeye asome. Kumwambia binti huyo "fuata moyo wako" bila kutaja deni hilo ni kumfanyia mzaha. Basi na lipigiwe hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo fani yake. Tuseme ana wadogo wawili, mmoja amebakiza miaka 3 ya shule na mwingine 6. Hiyo ni miaka 9 ya karo, sare na madaftari. Aongeze nyumba ya wazazi, aongeze akiba ya ugonjwa, kisha alinganishe jumla hiyo na mshahara wa ile kazi ndogo baada ya chakula na kodi ya pango. Ikiwa kazi ndogo inaweza kubeba mzigo huo, hata kwa kujibana, basi swali la moyo lina nafasi ya kuulizwa. Ikiwa haiwezi kabisa, aende kwenye kazi kubwa bila kujilaumu, na asiruhusu mtu yeyote kumwita mwenye tamaa.

Nasisitiza jumla hiyo iandikwe kabla ya mshahara wa kwanza, si baada yake. Mshahara mkubwa una tabia ya kujiongezea mahitaji. Nyumba huwa kubwa, mji huwa ghali, ndugu wa mbali huwa wa karibu, na ile miaka mitatu ambayo kijana aliahidi kukaa huwa kumi na tano. Wanaosema "nitajitajirisha kwanza, nitatumikia baadaye" hupenda kumtaja Simons, lakini husahau kwamba yeye aliingia sokoni akiwa amekwisha kumaliza kazi yake kubwa ya hisabati. Hakuiahirisha. Na tusidanganyane kuhusu uhakika wa malipo: katika kazi hizo sehemu kubwa ya kipato ni bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo hupanda na kushuka pamoja na faida ya kampuni, na hupotea siku kampuni inapopunguza watu.

Na huo moyo unaosita, je, unasita kwa sababu gani? Nilimwomba sajini amwulize bintiye, kwa kuwa sababu ziko nyingi na hazina uzito sawa. Kama anaogopa ugeni na baridi, hilo huzoeleka. Kama anaogopa ugumu wa kazi, hilo lisimzuie. Lakini alisema jambo jingine: kwamba katika kampuni ile matokeo ya hesabu zake yatakuwa ni fedha kuhama kutoka mkono huu kwenda ule, na yeye hatajua kamwe ni mikono ya nani. Hapo nadhani binti ameona mbali kuliko washauri wake. Katika biashara ya kununua na kuuza kwa muda mfupi, faida ya mmoja aghalabu ni hasara ya mwingine. Watetezi wake husema kwamba wafanyabiashara hao husaidia soko liwe na wanunuzi na wauzaji wakati wote, na kuna ukweli ndani yake. Mama wa Mahoko naye hunufaika anapomkuta mnunuzi tayari. Hata hivyo kipimo pekee cha kazi ile ni fedha. Mwalimu mwenye mshahara mdogo bado ana wanafunzi wake. Mwuza hati za fedha asiyepata fedha mwaka huo hana kitu cha kujifariji nacho.

Upande wa pili wa fani hii hutajwa mara chache, nao ndio ningependa vijana wetu waujue. Ni ule wa kupima hatari ili watu waikinge, badala ya kuipima ili mtu aicheze. Mfano mzuri uko Kenya. Mchumi Andrew Mude, Mkenya aliyepata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alifanya kazi katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi, na kuongoza mpango wa bima ya mifugo ulioanza Marsabit mwaka 2010. Tatizo lilikuwa hili: hakuna kampuni inayoweza kumtuma karani kuhesabu mizoga ya ng'ombe na ngamia katika jangwa lile. Basi wakatumia picha za setelaiti zinazopima ukijani wa malisho. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichopatikana kwa kulinganisha miaka iliyopita, mfugaji mwenye bima hulipwa, bila mtu kufika bomani kwake. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011, wakati wa ukame mkali. Mude alipata kwa kazi hiyo tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Mpango haukuwa bila kasoro. Yupo mfugaji ambaye mifugo yake hufa huku setelaiti ikiona majani. Kuupunguza upungufu huo ni kazi ya hesabu, tena ngumu, haina tofauti kubwa na ile ya New York.

Kwetu pia kazi hiyo ipo. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha bima ya kilimo na mifugo, ikimlipia mkulima asilimia 40 ya ada. Kila ada kama hiyo lazima ipigiwe hesabu na mtu: ikiwa juu mno mkulima hatajiunga, ikiwa chini mno mfuko utakauka mwaka wa kwanza wa mvua mbaya. Na mvua mbaya tunaijua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Mto Sebeya ulivunja kingo zake hapa Rubavu, ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Wapo miongoni mwenu mliochimba matope kwa mikono mkitafuta walio hai. Baada ya siku kama hiyo yapo maswali yanayobaki: maji ya kiasi kile yatarudi baada ya miaka mingapi, nyumba ipi isijengwe tena mahali ilipokuwa, ni akiba kiasi gani iwekwe ili mwenye duka aanze upya. Maswali hayo yanahitaji mtu yule yule anayetafutwa na kampuni ya ng'ambo.

Hali kadhalika katika vyama vyetu wenyewe. Zigama ni hesabu tupu: wanachama wangapi watastaafu mwaka fulani, mikopo mingapi itachelewa kurudishwa, riba ipi isiwaumize wenye kukopa wala isiue akiba ya wenye kuweka. Bima ya matibabu ya askari ni hivyo hivyo. Askari anayelala usingizi akiamini kwamba pensheni yake ipo, anaiamini kazi ya mtu aliyekaa mezani na kupima miaka ya uhai wa watu. Kazi hiyo haina filamu wala hadithi za mabilionea. Lakini anayeifanya anaweza kutembea kutoka ofisini hadi kambini na kuwaona waliomo katika takwimu zake wakicheza mpira.

Basi, je, mshahara wa nusu au robo unatosha kulipia jambo hilo? Maoni yangu ni kwamba, ile jumla ya deni la nyumbani ikiisha kutoshelezwa, ndiyo, unatosha. Kila faranga inayozidi hapo hununua vitu ambavyo kijana angeweza kuishi bila hivyo, na inanunuliwa kwa saa za ujana wake ambazo hazirudishwi na benki yoyote. Kwa binti wa sajini, ambaye hesabu yake ya nyumbani inabebeka kwa kujibana, ningechagua bima. Kwa mwenzake mwenye wadogo watano na baba mgonjwa ningesema panda ndege, lakini andika mwezi na mwaka wa kurudi katika daftari, na nakala ibaki kwa mama.

Kabla ya kutia sahihi popote, asome mkataba mzima pamoja na mtu ajuaye sheria. Kwa kampuni ya ng'ambo aulize mshahara wa uhakika ni kiasi gani bila bonasi, na akiacha kazi atazuiwa kwa miezi mingapi kufanya kazi kama hiyo kwingine, kwa kuwa sharti hilo ni la kawaida katika biashara ile. Kwa ofisi ya bima aulize jambo gumu zaidi: je, atapewa takwimu za kweli na ruhusa ya kuzifanyia kazi, au atageuzwa karani wa kuchapa barua kwa sababu ni mgeni na ni msichana? Kazi yenye maana inayofanywa bila zana huchosha upesi kuliko kazi ya fedha tu.

Na hapa lawama si ya vijana. Mitihani ya kimataifa ya wataalamu wa hesabu za bima ni mingi, huchukua miaka kadhaa, na ada zake ni nzito kwa mshahara wa mwanzo. Ofisi zetu za bima, mifuko ya pensheni na vyama vya akiba vinaweza kulipa ada hizo, kumpa kijana siku za kujisomea, na kumpandisha daraja kwa kila mtihani anaofaulu, kama Jeshi linavyompeleka ofisa kozini na kumtazamia arudi na cheo. Haziwezi kushindana na New York kwa mshahara, wala hazihitaji. Zinahitaji kupunguza pengo kiasi cha kumfanya binti wa Mahoko asionekane mjinga mbele ya wenzake kwa kubaki. Barua ya kampuni ya ng'ambo ilitaja mshahara, tarehe ya kuanza na jina la atakayempokea uwanja wa ndege. Barua ya ofisi ya bima ilisema tu kwamba atajulishwa.